Arlys Rindahl Anaiacha Meza ya Maganda

Ijumaa ya tarehe 5 Desemba, Bi. Arlys Rindahl atavua aproni yake, na kampuni yetu ya Shaba ya Tressler itaagana na mchaguzi wa maganda ya risasi aliyeitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Bwana Rolland Muir, mwenye kampuni, ameniomba niandike maneno haya kwa kuwa nimekaa kiti cha pembeni yake kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Aliniomba yawe mafupi na yawe ya kuchekesha. Kwa ufupi siahidi. Kuhusu kuchekesha, Bi. Arlys mwenyewe si mtu wa kuchekesha na hajawahi kudai kuwa hivyo.

Alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Shule ilipopunguza wapishi, marehemu mumewe Lyle, fundi wa matrekta, alimleta kwetu ajishikize hadi barafu iyeyuke. Kampuni wakati huo ilikuwa gereji moja yenye jiko la kuni, meza mbili na ndoo zilizopangwa mpaka darini. Barafu iliyeyuka, shule ikamwita arudi, naye akajibu kwamba ana ndoo hajaimaliza. Mpaka leo hatujui alikuwa anazungumzia ndoo gani.

Maganda hutufikia kutoka viwanja vya shabaha yakiwa yamechanganyika na kokoto, mbegu za alizeti, vizibo vya soda na chochote kilichodondoka mifukoni mwa watu. Sumaku huondoa ya chuma, yakabaki ya shaba. Hayo hutengwa aina kwa aina, kisha kwa mhuri wa kiwanda uliopigwa kitakoni, yakaenda kuzungushwa kwenye pipa la magunzi ya mahindi yaliyosagwa hadi yang'ae. Ndipo kila moja linashikwa mkononi na kupimwa kama linaweza kubeba baruti tena. Lililopasuka mdomo huwekwa kando, na lenye tundu lililolegea, pale inapokaa fataki ya kuwasha baruti, vilevile. Bi. Arlys alimwambia kila mfanyakazi mpya, siku yake ya kwanza, kwamba mtu atakayenunua ganda hilo ataliweka ndani ya bunduki, karibu na jicho lake. Hakulisema mara ya pili, kwa kuwa hapendi kujirudia.

Alikuwa na njia zake. Alichota maganda kiganjani, akayatikisa karibu na sikio, na kama kuna lenye ufa alilisikia, kwa maana lenye ufa halilii kama wenzake. Kwa sababu hiyo redio ilipigwa marufuku mezani kwetu, na hata kuimba kwa pua. Krismasi moja Rolland alileta spika ndogo ili tuchangamke. Bi. Arlys aliitazama, akaitazama ndoo, akamtazama Rolland, na spika ikarudi garini kabla ya chai.

Wengi wanakumbuka pete ya ndoa iliyotoka kwenye ndoo ya klabu ya shabaha. Tulitangaza mjini, wakaja wanaume wawili. Wa kwanza alikuja na mkewe. Wa pili alikuja peke yake, akasimama mlangoni kofia mkononi, akaomba mkewe asiambiwe. Bi. Arlys alimpa wa pili bila kuuliza swali. Pete ilimwenea barabara.

Haya nimeyaandika ili Rolland apate kicheko chake. Sasa niandike la maana, nalo ni la maganda ya Merle Anshutz, kwa kuwa nusu ya mji huu bado inalisimulia vibaya.

Kila vuli, kabla ya msimu wa kuwinda, tunafungua dirisha la pembeni siku za Jumamosi. Watu huleta maganda ya nyumbani kwao tuyakague bure huku wakinywa kahawa yetu mbovu. Maganda ya kampuni yasiyofaa huminywa mdomo kwa koleo, ili asitokee wa kuyajaza kwa bahati mbaya. Ya mteja, siku hizo, hayakuminywa. Tulimrudishia katika mfuko wa peke yake na kumwambia ukweli, na atakachofanya nyumbani kilikuwa kati yake na Mungu.

Merle alikuwa mfugaji wa ng'ombe upande wa mtoni, mtu mbahili kwa namna ya kupendeza. Alijaza risasi zake mwenyewe juu ya meza ya jikoni, na miaka nenda miaka rudi alirudia maganda yale yale yaliyojaa kopo moja la kahawa. Nyumbani kwake kulikuwa na desturi. Ganda lililoangusha kulungu wa kwanza wa msimu lilisimamishwa mezani, kando ya sahani ya baba, wakati wa chakula cha jioni. Baada ya kula lilioshwa, likarudi koponi, likajazwa tena mwaka mwingine. Hakuna ganda mle ambalo halikuwahi kulisha nyumba ile.

Merle alifariki majira ya kuchipua, zizini, wakati ng'ombe wanazaa. Vuli ile mwanawe Colby, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa sasa ndiye mwanamume wa nyumba, alileta kopo dirishani. Bi. Arlys alichukua waya wake mwembamba uliopindwa ncha, akautumbukiza ndani ya ganda la kwanza hadi chini, akauvuta taratibu ukikwaruza ukuta. Akafanya hivyo kwa la pili na la tatu. Mimi nilikuwa namimina kahawa. Nilimwona anapunguza mwendo.

"Haya hayajazwi tena, Colby," akamwambia.

"Yapi?"

"Yote."

Colby akacheka, akidhani ni utani. "Bi. Arlys, baba kaua nayo mwaka jana tu."

"Najua. Na mwaka juzi, na miaka kibao kabla ya hapo. Yamechoka."

"Mbona yanang'aa?"

"Kwa nje. Kila ukilipiga, ganda linarefuka, si ndiyo? Baba yako akalikata shingo lirudi kipimo chake. Ile shaba aliyokuwa anaikata, unadhani ilikuwa inatoka wapi? Inatoka huku chini, kwenye ukuta. Shika waya. Ingiza, uvute polepole. Umeona panapokwama?"

"Sijaona kitu."

"Basi hujazoea. Panakwama. Siku moja litakatika vipande viwili ndani ya bunduki, na moto utarudi nyuma ulipo wewe."

"Kwenye yote?"

"Mengine nahisi kabisa. Mengine sina hakika. Ila yamepita njia moja hayo, mwanangu."

Colby aliweka viganja vyake juu ya kizingiti cha dirisha. "Msimu unafunguliwa Jumamosi ijayo. Mama keshatoa sahani ya baba kabatini. Nikisimamisha pale ganda la mtu nisiyemjua, nimwambie nini?"

"Mwambie uko hai."

"Usinitanie kwa hilo," Colby akasema.

"Sikutanii."

"Nitapunguza baruti basi."

"Utapunguza mwaka huu. Mwakani utasahau." Kisha akalainika kidogo. "Niachie mpaka Jumatatu. Niyapitie tena nimetulia, watu wakiwa wameondoka."

Colby aliacha kopo. Na kweli Bi. Arlys aliyapitia tena, moja baada ya jingine, Jumapili mchana kutwa. Jumatatu asubuhi nilimkuta ameyapanga mafungu mawili mezani. Fungu moja lilikuwa la yale aliyohisi ufa wake kwa ndani, jingine la yale ambayo waya haukumwambia lolote.

"Wendell, njoo ushike haya," akaniambia, akinionyesha fungu la pili.

Nikayapitisha waya. "Mimi naona mazima."

"Unaona, au unajua?"

"Naona."

"Akirudishiwa haya, atafanya nini?"

"Atayajaza."

"Na yale mengine?"

Nilimfahamu Colby tangu anatambaa. "Atayajaza na yale mengine," nikasema. "Lakini ni mali yake, Arlys. Sheria unaijua."

"Naijua. Niliiweka mimi."

Akachukua koleo, akaanza kuminya. Hakuharakisha, wala hakujificha. Aliminya fungu la kwanza, kisha la pili, wote tukiwa tumesimama tunamtazama, mpaka kopo likajaa vinywa vilivyofumbwa. Kisha akaniambia nilete gari.

Watu hupenda kutafuta mkasa wa zamani uliomsukuma, ndugu aliyepofuka au baba aliyeungua uso. Hakuna. Nimemfahamu miaka yote hii, na ningekuwa nimeujua. Alijua tu kwamba kijana yule angeyajaza siku hiyo hiyo, na hakuweza kukaa na jambo hilo.

Jikoni kwa Anshutz, mjane wa Merle, Glenda, alikuwa anakata viazi. Bi. Arlys aliweka kopo mezani. Colby alilimimina, na kwa muda hakuelewa anachokiangalia.

"Umefanya nini?"

"Nimeyaminya."

"Hata yale uliyosema huna hakika?"

"Hata hayo."

"Hiki ndicho alichokuwa anakishika kila mwaka," Colby akasema. "Nguo zake zimeshapelekwa kanisani. Mbwa wake kafa. Tulibaki na hiki. Na wewe umekaa na koleo lako ukakiponda, kwa sababu huna hakika."

Glenda aliokota ganda moja, akachukua kisu cha siagi, akajaribu kulifungua mdomo. Alijaribu kwa muda mrefu. Sijawahi kuona kitu kilichoniuma hivyo jikoni mwa mtu.

"Samahani, Glenda," Bi. Arlys akasema.

"Kwa lipi?"

"Kwa kukuumiza. Kwa kuyaminya siombi samahani."

"Basi usiombe nusu," Glenda akajibu bila kuinua macho. "Nenda nyumbani, Arlys."

Njiani, tulipovuka lango la mifugo, Bi. Arlys alilia. Najua hatapenda kulikuta hili katika jarida la kampuni, lakini ni kweli, na wale waliosema ana moyo wa chuma wanapaswa kulisoma.

Rolland alimwonya, kama alivyopaswa, akamwondoa dirishani kwa msimu wote. Mimi nilimwambia usoni kwamba alikosea, na mgahawani nilimtetea kwa waliosema hivyo hivyo. Yeye alimaliza juma zima akichagua, katika ndoo zetu, maganda ya kiwanda kile kile na mhuri ule ule aliotumia Merle, yaliyopigwa mara moja tu. Aliyakataa hata yale ambayo ningemvika mtoto shingoni. Yaliyobaki alikwenda kuyaacha barazani kwa Anshutz. Tulisikia kwamba yalikaa pale pale na theluji ikayafunika.

Msimu ulifunguliwa, Colby hakwenda mlimani. Juma la pili likapita, hakwenda. Katika nchi hii mtu akifanya hivyo watu hupeleka chakula, wakidhani kuna mgonjwa.

Kisha asubuhi moja aliingia kwetu kwa mlango wa mbele, akapita kaunta, akaja moja kwa moja mezani na lile kopo. Alikuwa ameyabana maganda ya baba yake kwenye jiliwa, na kuyapasua kwa msumeno wa chuma toka mdomoni hadi kitakoni, yote, ili auonyeshe mji kwamba Arlys Rindahl ni mwongo. Alitandaza nusu zake mbele ya Bi. Arlys. Nyingi zilikuwa na mstari ndani, chini kidogo, mwembamba kama alama ya ukucha, na baadhi ukuta wake ulikuwa umebaki kama karatasi. Chache hazikuwa na kitu. Colby alizitenga hizo kwa kidole, akazisukuma kwake.

"Haya je?"

Bi. Arlys alivaa miwani, akazitazama dirishani kwenye mwanga, moja moja. "Haya yalikuwa mazima."

"Kwa hiyo ulikosea."

"Kwa haya, ndiyo. Nilikosea."

Nadhani Colby alikuja amejiandaa kwa ugomvi. "Ungeniachia haya tu. Ningekwenda nayo."

"Sikuweza kuyatenga na yale. Na wewe usingeweza. Ukiniletea leo tena, nitayaminya tena, halafu nitakuja kwenu kukuambia nimekosea."

Colby akaokota nusu ya ganda bovu, akapitisha ukucha kwenye ule mstari, akarudia. Tulikuwa tumeacha kazi sote na hakuna aliyejifanya hasikilizi.

"Yale ya barazani," akasema mwishowe. "Uliyapitia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Yote?"

"Yote."

Akakusanya vipande vya baba yake, akaondoka bila kuaga. Siku chache kabla msimu haujafungwa, simu iliita dukani. Alikuwa Glenda. Alisema tu, "Mwambie Arlys aje ale." Sikualikwa, kwa hiyo naandika nilivyoambiwa, na niliambiwa kwa maneno machache sana. Kulikuwa na nyama ya kulungu na viazi na pai ya tufaha. Ganda jipya lilisimama kando ya sahani ya Merle. Hakuna aliyezungumzia yaliyopita. Baada ya kula Glenda aliliosha ganda, akalifuta kwa aproni, na badala ya kulirudisha koponi akaliweka kwanza kiganjani mwa Bi. Arlys.

"Wewe ndiye utakayetuambia likichoka," akamwambia.

Tangu mwaka ule Rolland alibadili desturi ya dirisha. Koleo linaning'inia kwa kamba upande wa nje, anakosimama mteja. Sisi tunasema ganda limechoka, mwenye ganda ndiye anayeminya. Wapo wanaoondoka nalo wakinung'unika, na ni haki yao. Bi. Arlys hakupendezwa na utaratibu huo, akaufuata. Wote tunaokaa kwenye meza leo tumefundishwa na mkono wake, na wateja hutuandikia kutoka majimbo ambayo hatujawahi kufika kuomba maganda "ya yule mama."

Anastaafu kwa sababu vidole vya mkono wake wa kulia vimeanza kufa ganzi kwenye baridi. Hakuna aliyegundua. Alimwambia Rolland mwenyewe mwezi wa nane, akaomba ndoo zake zipitiwe upya na mtu mwingine, na tukayakuta maganda matatu aliyoyapitisha yasiyostahili kupita. Aliyaminya yeye, akaandika barua ya kuacha kazi, akarudi kumalizia siku yake.

Rolland alimruhusu akae dirishani Jumamosi zake za mwisho. Katika ile ya mwisho kabisa, Colby Anshutz alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kama kila mwaka. Sasa ana mke, na ndevu zilizoanza kumfananisha na Merle. Bi. Arlys alipitisha waya kwenye maganda yake moja baada ya jingine, akafika kwenye moja lililokuwa na mkwaruzo ubavuni, akalirudia, akalirudia tena. Sote watatu tulilijua ganda lile. Ni lile lililosimama mezani usiku alioitwa kula.

"Colby," akasema, "vidole vyangu si kama zamani, na sitaki kukudanganya. Hili naona limechoka, lakini sina hakika. Mpe Wendell naye alishike."

Nilinyoosha mkono. Colby hakunipa. Alivuta koleo kwenye kamba yake, akaliweka ganda katikati ya meno ya koleo, akaminya.

"Umeshasema, mama," akamwambia. "Imetosha."

Bi. Arlys, sisi wenzako wa Shaba ya Tressler tunakushukuru kwa kazi yako, kwa ukali wako, na kwa kila kitu ulichokiweka kando wakati sisi tulitaka kipite. Wako watu wengi milimani na mabondeni ambao wana macho yao yote mawili na hawalijui jina lako, nawe hukutaka walijue. Uende nyumbani kwa heri. Mikono yako ipate joto, kuni zisipungue barazani, wajukuu wasiwe mbali, na Mungu akupe miaka mingi ya kukaa bila ndoo mbele yako.